Pedali Tatu za Bibi Mweusi

Keko, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Agnesi mwanangu,

Salamu nazivuka, maana tumeamkiana asubuhi ya leo na chai tumekunywa pamoja. Nakuandikia nikiwa karakana, nimekaa juu ya mbao za mninga ambazo wiki ijayo zitakuwa ubavu wa lori la mtu. Najua baba wengine huandika barua za namna hii usiku, mwenye kuondoka akiwa amelala. Macho yangu na koroboi hayapatani tena, na isitoshe usiku ningekusikia ukijigeuza kitandani chumba cha pili, nikaghairi. Mafundi wenzangu nimewaambia naandika orodha ya misumari. Wanaona misumari imekuwa mingi mno, lakini wamenyamaza.

Mambo ya sanduku, ya shuka mbili, ya kutotoa mkono nje ya dirisha la treni, mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho stesheni atakuambia mara ya nne. Langu mimi ni moja tu, na nimelibeba miaka kumi na minne. Mama yako amekuambia pia kwamba ukifika Dodoma kwenye mafunzo yako ya uuguzi, usikanyage nyumba ya mjomba wako Matei. Mimi nakuambia nenda. Nenda Jumapili ya kwanza utakayopewa ruhusa, na barua hii uende nayo. Karatasi zote hizi ni za kukueleza kwa nini, na nakuomba univumilie, kwa sababu njia pekee ninayoijua ya kulifikia jambo hili inapitia kwenye motokaa.

Unamkumbuka Bibi Mweusi? Nadhani humkumbuki, alipouzwa vipande vipande ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa motokaa ya Kimarekani, ya zile zilizojaa dunia nzima nilipokuwa kijana, nyembamba, ndefu ya kwenda juu, na magurudumu ungedhani ya baiskeli. Jina la kiwanda lilikuwa limeandikwa mbele kwenye rejeta, lakini mimi na Matei tulimwita Bibi Mweusi. Tajiri wetu, Mhindi wa mbao, alimnunua amekwisha kutumika, akakata sehemu ya nyuma na kuweka jukwaa la kupakilia. Mimi nikawa dereva, Matei akawa fundi. Tulikuwa tumetoka Masasi pamoja, tukapanda meli moja pale Lindi, tukapanga chumba kimoja hapa Temeke, na baadaye akanipa dada yake, ambaye ndiye mama yako. Katika mji huu mzima hakukuwa na mtu aliyenijua kuliko Matei.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana mengine yote yanategemea hapa. Bibi Mweusi alikuwa na pedali tatu, kama motokaa za leo, lakini kazi zake zilikuwa nyingine kabisa. Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini gari linaondoka polepole kwa nguvu, ukiiachia linakimbia. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ndiyo breki. Mafuta hayakuwa ya mguu hata kidogo, yalikuwa kijiti chini ya usukani unachokivuta kwa vidole. Ukitaka kuliwasha unashuka, unazungusha hendeli kwa mbele, na kidole gumba unakiweka upande mmoja na vingine, vinginevyo hendeli ikirudi nyuma inakivunja. Matei alivunjika kidole hicho mara mbili, na mara zote mbili alimwomba radhi Bibi Mweusi.

Tena tangi lake la petroli lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini, bila pampu. Kwenye tambarare hakuna neno. Lakini ukifika kilima cha Pugu, pua ikitazama juu, petroli haifiki na injini inazima. Basi tulikuwa tunaligeuza gari chini ya kilima, tunakanyaga pedali ya katikati, tunapanda Pugu kinyumenyume. Watoto wa huko walitungoja kando ya njia watupigie makofi. Mara ya kwanza nilipompakia mama yako, tukiwa bado wachumba, alikaa anatazama tulikotoka, kisha akamgeukia Matei aliyekuwa juu ya mbao, akamwambia, "Kaka, huyu mtu uliyenipa, ndo kila siku anakwenda kwa makalio?" Matei alicheka mpaka akakaribia kudondoka.

Nilimwendesha Bibi Mweusi miaka kumi na moja, na sikukanyaga hata kuku. Nakuambia hili kwa sababu ndiko kiburi kilikoanzia. Nilikuwa na kofia ya udereva na kitambaa cha kufutia vioo, na jioni barazani nilikuwa nikisema hakuna motokaa chini ya jua nisiyoweza kuiendesha. Watu waliitikia. Ulikuwa unakaa kwenye goti langu nawe unaitikia, hujui hata unaitikia nini. Nilikuwa baba mwenye furaha siku hizo, Agnesi, na sioni haya kusema.

Kisha, kabla kidogo ya vita, tajiri akaagiza lori dogo jipya, la Kimarekani vilevile, rangi ya kijani. Likashushwa bandarini likiwa uchi kama yanavyokuja haya ya sasa, injini na chesisi na kibanda cha dereva, basi, na bodi likatengenezwa hapahapa Keko. Matei alikuwa ametangulia kupelekwa gereji moja mjini kujifunza mambo yake. Siku lilipotoka kwa maseremala alinijia mbele ya watu akaniambia, "Shemeji, njoo jioni mbili tatu nikuonyeshe. Pedali za huyu si zile za Bibi Mweusi. Hapa breki iko katikati, kulia ni mafuta."

Nikamjibu, watu wakisikia, "Matei, mie nilikuwa naendesha wakati wewe bado unauliza spana ipi ya nati ipi."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo. Jioni akanijia tena, peke yake, akasema polepole, "Shemeji, tuko wawili tu sasa. Njoo nikuonyeshe." Alikuwa ameelewa kwamba mbele za watu nisingeweza kukubali, akanitengenezea njia ya kutoka. Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui. Nilijifundisha mwenyewe, uani kwa tajiri, saa za mchana wenzangu wakiwa wamelala usingizi wa baada ya chakula, nikisogeza lori mbele hatua kumi na kulirudisha hatua kumi. Wiki tatu baadaye nilikuwa naendesha vizuri, na kila aliyeniona aliamini. Sikujua kwamba nilikuwa nimejifunza kuendesha siku ya amani tu.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Matei alilala chini ya lori akikagua breki, kama alivyofanya kila Jumamosi. Ulikuwa na gauni jipya la manjano, na ulilia mpaka nikakupakia mbele twende kupeleka mbao Mtoni. Njiani ulikuwa unanihesabia minazi, na ukifika kumi unaanza tena moja. Tulipokaribia ile kona ya maduka, mama mmoja mtu mzima akatoka kwenye shamba la mihogo na mzigo wa kuni kichwani, akaingia barabarani.

Nilimwona mapema. Nataka ulijue hili ili usije ukanitafutia udhuru: nilimwona mapema na nafasi ilikuwapo. Nikakanyaga breki. Nikaikanyaga kwa nguvu zangu zote, kwa mguu wa kulia, mahali ilipokuwa breki kwa miaka kumi na moja. Lori likaruka mbele. Kadiri lilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kukanyaga, kwa sababu mguu ulikuwa na hakika yake na hofu haikunipa nafasi ya kuubishia. Nikakata usukani, tukamkosa yule mama kwa upana wa kanga, tukaingia kwenye mkorosho.

Injini ilizimika. Ulikuwa hulii. Ulikuwa umekaa sakafuni, damu inakushuka juu ya jicho, mkono umepinda pasipo na kiungo, unaniangalia tu kana kwamba unangoja nikueleze. Mimi mguu wangu ulikuwa umebanwa huko chini. Watu wakaja mbio, na wa kwanza kufika alikuwa mwenye duka la pale konani. Aliniuliza, "Dereva, breki zimekataa?"

Nikasema, "Zimekataa."

Neno hilo sikulitunga. Nililetewa tayari, nikalipokea, kwa sababu wakati ule nilikuwa nakutazama wewe na nisingeweza kusema kwamba ni mimi. Nimejiambia mara nyingi kwamba ilikuwa hofu ya dakika moja. Ni kweli, ilikuwa hofu ya dakika moja. Lakini kesho yake nilikuwa na siku nzima ya kusema, na kesho kutwa pia.

Siku ya nne, tulipokwisha rudi nyumbani, Matei akaja. Mguu wangu ulikuwa kwenye plasta juu ya kigoda, wewe umelala na kichwa kimefungwa, mama yako anakupepea. Akakaa chini karibu na mlango. Akaniambia pole, nikamwambia nimeshapoa. Kisha akasema, "Nimeshinda chini ya lile lori siku mbili. Mbele kote kumepondeka, bomba la breki limekatika, mafuta yake yamemwagika. Huwezi kujua kipi kilikatika kwanza." Halafu akasema, "Shemeji, ile nati ya bomba upande wa kushoto. Najaribu kukumbuka kama niliikaza. Nakumbuka kuishika. Kuikaza sikumbuki."

Alikuwa ananitazama mimi, si dada yake. Alikuwa ameniletea shaka yake kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye angeweza kumwondolea. Ningesema hapo. Nilifungua kinywa, nikasema, "Hata mie sijui, Matei."

Mama yako ndiye aliyesimama. Unamjua mama yako, hasira yake haina kelele. Alisema, "Hukumbuki? Mwanangu anapanda mle ndani, nawe hukumbuki?" Kisha akamwambia asimwone tena hapa kwake. Matei hakujitetea. Aliinuka, akasema, "Dada, una haki," akatoka. Boksi la spana zake alikuwa nalo mkononi alipoingia. Alipotoka aliliacha pale mlangoni, na hakurudi kulichukua. Mwezi haukuisha tukasikia amekwenda bara. Huko Dodoma anatengeneza cherehani, na anayempelekea motokaa anaambiwa hashughuliki nazo. Aliyeniletea habari hiyo alisema, kwa kucheka, kwamba fundi yule ana tabia moja ya ajabu: akikaza nati ya cherehani huirudia mara tatu, huenda kula chakula, akarudi kuishika tena. Sikucheka naye.

Nati aliikaza, Agnesi. Matei hakuacha nati hata moja bila kuikaza tangu nimjue. Breki za lori lile zilikuwa nzima na hazikuguswa na mguu wowote siku ile.

Sasa utaniuliza niliishije. Niliishi vizuri, hilo ndilo linalonitisha. Mguu haukufaa tena kwa pedali, tajiri akanionea huruma akanitafutia nafasi hapa Keko kwa maseremala wa mabodi ya malori, na kazi nikaipenda. Watu waliniheshimu kama mtu aliyepatwa na ajali akiwa kazini. Mama yako kila jioni ya baridi au ya mvua ameukanda mguu huu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na mara nyingi akiukanda alimtaja kaka yake kwa uchungu. Nami nilimwachia mguu, nikanyamaza.

Wewe ukaanza shule ya misheni, ukajua Kiingereza. Unakumbuka yale magazeti ya motokaa? Lile furushi ambalo askari mmoja aliyerudi vitani alimwachia tajiri, tukapewa sisi tufungie vipuri, nikayaficha yote. Ulikuwa unatoka shule unakuja hapa, unakaa juu ya mbao kama nilivyokaa mimi sasa, unanisomea na kunigeuzia kwa Kiswahili. Sijui kama ulipata kujua jinsi nilivyozipenda saa zile. Maseremala walikuwa wanaacha randa ili wasikie. Ulitusomea habari za yule mtoto wa mkulima aliyependa kufungua saa za watu kuliko kulima, akaja akatengeneza kina Bibi Mweusi huko Detroiti, mpaka wakawa milioni na milioni. Ukatueleza kwamba gari halikukaa mahali pamoja likijengwa, lilivutwa polepole mbele ya mafundi waliosimama, kila mmoja na nati yake. Mzee Saidi wa misumeno akasema, "Yaani mtu nati moja, maisha yake yote? Mie ningekufa." Ukatueleza kwamba zilipakwa rangi nyeusi tupu kwa miaka mingi, na mimi nikasema kumbe Bibi yetu hakujichagulia.

Ukatusomea wale ndugu wawili waliokuwa wakimtengenezea yule mzee wa kina Bibi Mweusi vyuma vya ndani, kisha wakaacha wakaunda motokaa yao wenyewe. Gazeti lilisema walipendana hata wakawa hawafungui barua isipokuwa imeandikwa majina yao wote wawili. Na yule dereva wa mashindano aliyewapa matajiri jina lake walitie kwenye motokaa, wakagombana akatoka, jina likabaki likikimbia kwenye barabara za dunia nzima na mwenyewe akarudi kushika spana. Siku ile ulicheka ukasema, "Baba, mbona hawa wote wanagombana?" Nami nilikuwa namfikiria Matei, nikakuambia soma mbele.

Lakini ipo siku moja. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Ulikuwa unasoma habari za yule mzee wa Detroiti alipozeeka. Watu wake walimwambia gari lake limepitwa na wakati, pedali zile hazina mtu anayezitaka tena, wenzake wanauza magari ya rangi rangi na kila mwaka wana jipya. Hakusikia. Mafundi wake waliwahi hata kumjengea gari jingine kwa siri, wakidhani atafurahi, naye akalivunjavunja kwa mikono na miguu yake mbele yao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alimwambia taratibu, miaka kwa miaka, kwamba baba, tubadilishe. Hakumsikiliza mpaka magari yalipokosa wanunuzi na kiwanda kikafungwa miezi mingi. Na mtoto yule akatangulia kufa. Uliposoma hapo ukainua macho ukaniuliza, "Baba, kwa nini asimsikilize? Si alimwambia kwa upole?"

Nilikuambia sijui. Nikakuambia nenda kaniletee maji. Ulipokwenda nilijifuta uso na vumbi la mbao, na uliporudi ukaniuliza kama nimeingiwa na takataka machoni, nikasema ndiyo. Huo ni uwongo mwingine niliokuambia, mdogo, nauweka hapa pamoja na ule mkubwa.

Kovu lako lile juu ya nyusi, najua unawaambiaje watu. Unasema breki za lori la baba zilikatika. Nimekusikia ukiwaambia rafiki zako kanisani, na umelisema kwa namna ya kunitetea. Najua pia kwamba ni yule nesi aliyekushona ndiye aliyekutia hamu ya uuguzi. Umesema hivyo hata kwenye barua yako ya maombi. Usije ukanihurumia ukasema basi ajali ilileta heri. Ungekuwa nesi kwa njia nyingine. Una mikono hiyo tangu mdogo.

Kitu ninachoweza kukuambia kwa kuwa nimekilipia ni hiki, na sikisemi kwa kukufundisha, maana uuguzi siujui. Huko utakuta siku ambayo hujui jambo, na mtu aliye chini yako au sawa nawe analijua, tena atakuja kukuambia kwa upole, mkiwa wawili tu. Mimi siku hiyo niliipata nikaitupa. Ninalolijutia kuliko hata mkorosho ni jioni ile Matei aliponijia peke yake. Mkorosho ulinijia ghafla, lakini jioni ile nilikuwa na muda wote wa dunia.

Naogopa, mwanangu. Naogopa utasoma hapa ukanitazama kwa macho mengine, na sitakuwapo kuyaona. Nakupenda kuliko ninavyojua kukuonyesha. Nimekupenda tangu ulipokuwa huwezi kuhesabu minazi kupita kumi. Hata kama hutaniandikia mwezi mzima, nenda kwa mjomba wako. Mpe shikamoo yako, kisha mpe barua hii aisome yote. Radhi simwombi kupitia kwako, hiyo nitaiomba mwenyewe akiniruhusu kuja. Mwambie tu kwamba nati aliikaza. Na ule uzito uliolalamikia asubuhi, ukasema sanduku lina mawe, ni boksi la spana zake. Nimezipaka mafuta kila mwaka, na kutu haijapata mahali.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Mpango wangu ulikuwa ukishapanda treni, nikae siku mbili tatu, kisha nimwambie mama yako. Lakini nimeyasoma niliyoandika tangu juu, na nimeona kwamba siku mbili tatu ni zilezile nilizojipa miaka kumi na minne iliyopita. Nimefunga randa zangu. Nakwenda nyumbani sasa hivi.

Nimerudi kwenye barua. Ni jioni, bado kuna mwanga, nipo barazani kwetu. Wewe hujarudi kutoka kuwaaga wenzako wa kwaya.

Nilimkuta mama yako anakaanga maandazi yako ya safari. Nilisimama mlangoni, nikamwambia lote, bila kukaa, kwa maneno machache kuliko niliyokuandikia. Hakugeuka. Aliendelea kugeuza maandazi, yakaiva, akayatoa, akatia mengine. Nilipomaliza akaniuliza, "Mguu upi?"

Nikasema, "Wa kulia."

Hapo ndipo alipogeuka, akautazama mguu. Akautazama kwa muda mrefu, huu huu ambao ameushika jioni ngapi sijui. Kisha akasema, "Kaka yangu alikaa pale mlangoni akasema hakumbuki. Nawe ulikuwa unamsikia."

Nikasema nilikuwa namsikia.

Hakulia, Agnesi, wala hakunitukana, ningeshukuru angenitukana. Aliepua karai, akafunika moto, akanawa mikono. Akaingia chumbani kwako, nikasikia anafungua sanduku, akatoka na lile boksi la spana. Akaliweka kando ya kapu lake mwenyewe, lile la kwendea Masasi, akaanza kukunja kanga.

"Kesho naenda na mtoto," akasema. "Tiketi yangu utakata. Na spana za kaka yangu nitazibeba mwenyewe."

Nikamuuliza atarudi lini. Akasema, "Baba Agnesi, hilo usiniulize leo."

Kwa hiyo yale niliyokuambia juu, kwamba uende Jumapili, yaache. Mtakwenda pamoja, siku mtakayofika. Barua hii nampa yeye aishike, akupe treni ikishaondoka, mwisome wote wawili na kisha aisome Matei. Juu ya bahasha nimeandika majina yenu watatu. Utakaposoma hapa utakuwa umeshajua kwa nini mama yako alikuja stesheni amevaa viatu vya safari. Na kama uliniona nimesimama mbali kidogo na dirisha, usidhani ilikuwa baridi ya moyo. Nilikuwa nampisha.

Kumeanza kupoa, na mguu unauma kama kawaida yake saa hizi. Chupa ya mafuta ya nazi nimeikuta kwenye kizingiti cha jikoni, mama yako ameyapasha moto akaiweka hapo. Nimekaa hapa najikanda mwenyewe.

Ni mimi niliyekuwa na hakika ya mguu wangu,
baba yako, Hilari.